Jina Lililoitwa Mara Tatu

Katika kiwanja cha marehemu Blandine, kule Shituru, mtaa wa mji wa Likasi, viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa mistari kama vya sinema, na mbele yavyo zikasimamishwa spika mbili ndefu kuliko mtu. Philomène alizitazama akaelewa kwamba sauti yake haikuhitajiwa. Zamani kwenye kilio watu waliketi chini, juu ya mikeka, wakamzunguka maiti kama mwenzao. Siku hizi wanamkabili kama mtu aliyekuja kuwaburudisha.

Alikuwa na miaka sabini na mitano, na hapo Shituru hakubaki mwingine aliyejua kusema kasala, lile shairi refu ambalo Waluba humlilia nalo mtu wao. Alifundishwa na mama yake. Kabla ya kusema, hukaa na jamaa nusu siku akiwauliza. Haulizi marehemu alipata nini. Anauliza alipoteza nini: alilala wapi alipofukuzwa, alimzika nani, alikula nini mwaka wa njaa. Kasala ya mama yake ilijengwa kwa hayo, na sifa zilikuja zenyewe nyuma yake.

Ilikuwa pia na sharti. Mtoto aliyetangulia kufa huitwa kwa jina mara tatu siku ya kilio cha mama yake. Mtu mmoja aliyemjua akiwa hai sharti aitike, "Nilimwona." Akiitika, mtoto amerudi kwa mama yake. Asipopatikana wa kuitika, jina linaachwa hapo hapo, halitajwi tena na mtu yeyote. Na mwenye kusema kasala haruhusiwi kuitika, kwa sababu yeye ni mdomo tu, si shahidi.

Blandine alikuwa na jina moja la namna hiyo. Jaël.

Miaka ile Waluba wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga, Blandine alikaa miezi mitatu kwenye stesheni ya Likasi akisubiri treni, yeye na watoto wake wawili chini ya hema la magunia. Philomène, ambaye mume wake alikuwa mtu wa Katanga na kwa hiyo hakuguswa, alipita kila asubuhi na kidumu cha uji chini ya kitenge. Jaël alikuwa na miaka miwili. Kuhara kulimmaliza kwa siku nne. Gaston, mfanyakazi wa reli, alichimba shimo kando ya njia, na Ruphin, kaka wa mtoto, mwenye miaka minane, aliyembeba mdogo wake mgongoni siku zote zile, akambeba mpaka hapo shimoni. Msalaba haukuwekwa, maana mbao zote zilikwisha kupikiwa.

Siku mbili baadaye treni ikafika. Watu walikanyagana kupanda. Blandine alifika mlangoni kabisa, akageuka, akarudi.

"Siwezi kumwacha pale peke yake," alimwambia Philomène.

Akajificha kwa rafiki yake mpaka hasira za watu zilipopoa, na hakuhama tena Likasi. Lakini kaburi lenyewe lilipotea. Malori yalipita juu yake. Tangu hapo alisema neno moja kila walipoketi pamoja kuchambua mboga: "Philo, siku yangu, usinisahaulie mutoto."

Sasa siku yake ilikuwa imefika, na Ruphin, mtu mzima mwenye miwani, mwalimu wa fasihi huko Lubumbashi, alikuwa amemwita Philomène pembeni.

"Mama Philo, nakuomba. Ile mambo ya gare, ya stesheni, utaacha."

"Nitaiacha wapi?"

"Bantu banachoka na misère, mama. Minye mwenyewe nafundisha misère mwaka muzima. Kila kitabu ni njaa, ni vita, ni mutoto anakufa. Banafunzi bananiuliza: Monsieur, siye hatuna kintu ingine? Mama aliacha bajukuu saba, aliacha nyumba. Sema ile."

"Kumbe weye unafundisha batoto kulilia bantu ba mu kitabu?"

"Si kulia, mama. Ni kuelewa."

"Na mwenye kuelewa muzuri unamupa nini?"

"Points."

"Basi na minye nipe points zangu, mutoto yangu. Minye nilielewa muzuri sana."

Ruphin alicheka bila kupenda. Kisha akatazama saa. "Dakika tano, mama. Georges wa protokole atakuonyesha mukono."

Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha Philomène. Mtu mbaya angemtukana akamaliza. Lakini hivi ndivyo walivyo hawa waliosoma. Mateso yakifungwa ndani ya jalada, tena ya mtu ambaye hakuzaliwa kamwe, wanayaita fasihi, wanayawekea mtihani. Yakija kuketi kwenye mkeka na kutaja jina la dada yao, wanayaita aibu.

Saa tisa alasiri Georges alimkabidhi kipaza sauti. Philomène hakukitaka, akakishika. Aliwatafuta kwa macho waliokuwapo enzi zile. Wengine walikwisha kufa, wengine treni ile iliwachukua. Mbali na Ruphin, alibaki Gaston tu. Watu wa protokole walimkalisha mwisho kabisa, karibu na jenereta, kwa sababu koti lake lilikuwa bovu.

Alimwita Blandine kwa majina ya baba zake. Akataja magunia, uji, malori. Kwenye mstari wa mbele wanawake wenye fulana za picha ya marehemu waliacha kujipepea. Ruphin aliinama akafuta miwani.

"Jaël!" Philomène aliita.

Jenereta likanguruma. Gaston hakusikia.

"Jaël wa Blandine! Nani alimwona?"

Georges aliinua mkono, vidole vitano vimekunjuka. Mpiga kinanda akadhani ni ishara yake, akaanza wimbo wa furaha, na mtu akazima kipaza sauti. Huko nyuma Gaston aliona midomo ya Philomène ikitembea. Akamwinulia kikombe chake cha munkoyo, akatabasamu, akiamini rafiki yake wa zamani anamsifu marehemu.

Philomène alimtazama Ruphin. Ruphin naye alimtazama, midomo imefunguka kidogo. Pembeni yake walikaa walimu wenzake wanne, wamekuja kutoka Lubumbashi na suti.

"Jaël!" aliita mara ya tatu, kwa sauti yake tupu.

Akangoja. Watu walikuwa wamesimama wanapiga makofi. Basi yeye, ambaye kwa miaka hamsini hakuwahi kuvunja sharti hata moja la mama yake, akaitika mwenyewe, polepole:

"Nilimwona."

Alijua haihesabiki. Akaweka kipaza sauti juu ya kiti, akaenda zake.

Ruphin alimkuta mlangoni pa kiwanja.

"Mama Philo." Alikuwa amevua miwani. "Alikuwa na gauni ya manjano. Alikuwa anashika sikio yangu nikimubeba, hivi, kwa nguvu. Nilimuona, mama. Minye nilimuona."

"Ilikuwa ya kusema kule."

"Najua."

"Hapa nani anasikia? Minye? Minye najua. Rudia kule, useme. Wimbo ikiisha, usimame useme neno moja tu. Nitakungoja hapa."

Ruphin alirudi. Philomène alimwona akipita kati ya viti, akifika mbele, karibu na Georges. Alimwona mwenzake mmoja akimpigapiga begani na kumsogezea kiti. Ruphin akaketi.

Philomène alisimama pale mlangoni wimbo mzima. Ulipoisha, mpiga kinanda alianzisha mwingine. Akafunga upya kitenge chake kiunoni na kushika njia ya kwake.