Jumamosi Ambayo Besi Hakuwepo

Jina alilopewa na baba yake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Kwa wenzake wa bendi, kwa wateja wake, hata kwa mama mwenye duka la jirani, yeye alikuwa Besi, kwa sababu ya gitaa lile nene la nyuzi nne alilolipiga tangu ujana. Riziki yake ilitoka kwenye kutengeneza friji. Alikaa peke yake katika vyumba viwili: kimoja cha kulala, kingine kimejaa friji mbovu za watu, zimeegemezwa ukutani milango wazi. Yeye na mkewe walikuwa wameachana zamani, bila ugomvi mkubwa, kila mtu akashika njia yake. Binti yao aliolewa mbali. Alikuwa akipiga simu kila Jumapili, huku mtoto analia nyuma yake na sufuria inachemka.

Bendi yao ilikuwa ya roki, ya wanaume wanne waliokwisha kula chumvi nyingi. Zamani walirekodi nyimbo, redio zikazipiga, wasichana wakawajua kwa sura. Sasa walipiga kwenye sherehe za wastaafu, kwenye ufunguzi wa maduka ya vifaa vya ujenzi, na Jumamosi moja moja mchana katika ukumbi wa nyuma wa hoteli karibu na stendi, ambako wateja waliwatumia mhudumu kuwaomba wapunguze sauti maana wanaongea. Mwimbaji waliyemwita Kiongozi bado alifuga nywele ndefu, ingawa zilizobaki zilikuwa za kisogoni tu. Kinanda kilipigwa na Mwalimu, mstaafu wa somo la hesabu. Nyuma kabisa alikaa Dramu, aliyewahi kuendesha lori la maji, mtu ambaye maneno yake ya mwaka mzima yangeenea kwenye kiganja.

Jukwaa la ukumbi ule lilikuwa dogo, kwa hiyo Besi alisimama nyuma ya spika kubwa. Watu wa meza za mbele waliona mkono wake wa gitaa na ncha ya kiatu. Hakulalamika. Alikuwa amejizoesha kuamini kwamba besi ni kama msingi wa nyumba, hakuna mgeni anayeingia akausifia.

Jumamosi hiyo muuguzi wa zahanati alimpigia simu asubuhi: friji ya chanjo imezima. Besi akatia gitaa mgongoni, akabeba sanduku la vifaa, akijua atamaliza mapema aende zake ukumbini. Kazi ikamgeuka. Kompresa, ile mashine inayosukuma gesi, ilikuwa ikiwaka na kuzima, ikiwaka na kuzima, na muuguzi alisimama mlangoni na masanduku ya barafu, haulizi kitu, anamtazama mikono tu. Angeondokaje? Simu yake nayo ikaisha chaji. Friji ilipotulia na kuanza kupoza, muuguzi akamshukuru kwa mikono miwili, naye akatoka mbio kadiri magoti yalivyomruhusu.

Alifika nyuma ya ukumbi, kwenye mlango wa jikoni, anahema. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitasa alipousikia muziki. Walikuwa katikati ya wimbo, na wimbo ulikuwa unakwenda vizuri. Mwalimu alikuwa akizipiga noti za besi kwa mkono wa kushoto, moja baada ya nyingine, safi kama hesabu zake za ubaoni. Kiongozi akaimba, watu wakapiga makofi, wimbo mwingine ukaanza.

Besi akauachia ule mlango. Akakaa kwenye kreti la soda lililopinduliwa, kando ya magunia ya mkaa, gitaa mapajani.

Miaka yote hiyo hakuwahi kuisikia bendi yake. Alikuwa akijisikia mwenyewe, mngurumo wake ukimjaa kifuani, na wengine akiwasikia kwa mbali kama watu wa chumba cha pili. Sasa aliyasikia maneno. Walipofika kwenye wimbo aliomtungia mkewe kabla hawajaoana, ambao sauti yake alimpa Kiongozi na watu wote wakaamini ni wa Kiongozi, alijikuta ameshika ukingo wa kreti kwa nguvu. Ulikuwa wimbo mzuri. Haukumhitaji hata kidogo.

Mpishi alitoka kumwaga maji machafu, akamwona. Akamuuliza, "Mzee, unamsubiri mtu?"

"Nasikiliza tu."

"Wanajitahidi, wazee wa watu," mpishi alisema, akarudi ndani.

Bendi ilipokaribia kumaliza, Besi alijinyanyua akaondoka, asije akakutana nao wakitoa vyombo. Nyumbani alichaji simu akaiweka karibu na sahani. Hakuna aliyempigia. Jumapili binti yake alipiga, kama kawaida yake, akamuuliza, "Baba, jana mlipiga?"

"Walipiga," alijibu.

Binti hakulinasa neno lile. Mtoto alikuwa amemwaga kitu, simu ikakatika Besi akiwa katikati ya kumpa pole.

Siku mbili baadaye Kiongozi alipiga kumpa habari za sherehe ya kumuaga karani mmoja wa benki. Alikuwa mchangamfu, akasema Jumamosi walikuwa moto kwelikweli, ukumbi mzima ulitikisika. Besi alimwacha amalize.

"Mimi sikuwepo Jumamosi," akasema.

"Eeh, ndiyo. Ndiyo, bwana. Mwalimu alikaza mkono wa kushoto. Nikajua umebanwa na kazi."

Huenda alijua kweli. Besi aliligeuza jibu lile kichwani wiki nzima, akiwa amepiga magoti nyuma ya friji za watu, wala hakulipatia ufumbuzi.

Kwenye sherehe ya karani walimweka tena nyuma ya spika. Katika wimbo wa tatu alifanya jambo ambalo hakuwa amelipanga: aliinua vidole kutoka kwenye nyuzi. Mkono wa kushoto wa Mwalimu uliingia papo hapo, kana kwamba ulikuwa umekaa mlangoni. Kiongozi aliendelea kuimba amefumba macho. Wageni waliendelea kula keki.

Dramu peke yake ndiye aliyegeuka. Kijiti chake kilikosea pigo, akainama kumtafuta Besi nyuma ya spika, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshusha mguu akitarajia kidato cha ngazi, asikikute. Besi alirudisha vidole haraka.

Baadaye, wakati wanakunja nyaya, Dramu alimsogelea na matoazi yake ya shaba kwapani.

"Usinifanyie vile tena," akasema.

"Kidole kiliteleza."

"Hakikuteleza. Na Jumamosi ile nilipiga saa nzima sina pa kuegemea. Nilitaka nikupigie simu nijue umepatwa na nini, nikakuta namba yako sina."

Besi alitaka kucheka, akajizuia. Ilikuwa kweli. Ujana wote na uzee huu wamepiga wakiachana hatua mbili tu, mkono wa huyu ukiufuata mguu wa yule, na kila habari ilipitia kwa Kiongozi. Alimtajia namba yake. Dramu naye akamtajia ya kwake, na Besi alipotaka kuihifadhi, aligundua kwamba jina halisi la mwenzake halijui. Aliona haya kuuliza wakati huu. Akaandika Dramu.

Siku zikapita, simu ikanyamaza, naye akasema moyoni kwamba ndivyo watu walivyo. Jioni moja ikaita; alikuwa Dramu. Walijuliana hali, wakazungumza juu ya mvua, kisha maneno yakawaishia. Kwa Dramu wajukuu walikuwa wakigombania televisheni. Kwa Besi friji moja iliwaka ikaanza kunguruma.

"Nini hiyo?" Dramu aliuliza.

"Friji ya mtu. Naijaribu."

"Inasikika vizuri."

"Bado. Inatetemeka kidogo."

Hakuna aliyekata simu. Wote wawili wakaisikiliza friji ikinguruma, mpaka ilipojizima yenyewe.

"Haya," Dramu akasema.

"Haya, mzee mwenzangu."

Besi aliweka simu juu ya meza, akachukua bisibisi, akarudi kupiga magoti.