Ini la Mtu wa Ukutani

Mwaka wangu wa kwanza wa utabibu, chumba changu cha Mazwi kilikuwa na mtu wa pili. Nilimchora mwenyewe nyuma ya kalenda za zamani, nikambandika ukutani kutoka utosini hadi nyayoni. Asubuhi za Juni, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mabati, nilisimama mbele yake na blanketi mabegani, nikimgusa moyo, ini, wengu, nikitaja majina kama mtu anayesali. Wenzangu walikariri anatomia wafaulu, kisha waisahau. Niliwadharau kimyakimya. Nakiri sasa: nilidhani nalipenda somo, kumbe nilipenda kutokosea.

Siku ya jaribio la vitendo, mwenzangu wa dawati moja alijilaza kitandani awe mgonjwa. Mwalimu akaniambia nitafute ini. Mkono wangu ukaenda bila kusita, ukatua chini ya mbavu zake za kushoto.

"Kwani limehama lini?" akauliza yule aliyelala. Darasa zima likacheka.

Mtu wangu wa ukutani alinitazama uso kwa uso, hivyo ini lake, lililo kulia kwake, nililizoea kushotoni kwangu. Miezi yote ile sikuwahi kujigusa tumbo langu mwenyewe.

Mwalimu alinipa hadi Jumatatu. Nikikosa tena, narudia mwaka.

Jumamosi nilikwenda Kasense kwa bibi. Alikuwa uani, ulezi umeanikwa, upepo unapita juu yake taratibu. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu kwa aibu. Akajinyoosha kwenye mkeka.

"Unatafuta nini humo, mume wangu?" akanitania. "Nimezaa saba, na kila kitu kilirudi mahali pake."

Nilipiga magoti kuliani kwake, nikaweka vidole chini ya mbavu zake. Akavuta pumzi, na kitu laini kikashuka, kikagusa ncha za vidole vyangu, kikarudi. Hakikuwa na rangi ya penseli. Nikamwomba avute tena, na tena, mpaka jua likamlaza usingizi akaendelea kuvuta bila kuombwa. Sikuondoa mkono.

Jumatatu nilisimama kuliani mwa kitanda.

"Umelipata?" mwalimu akauliza.

"Bado, nalisubiri."

Mwenzangu akavuta pumzi. Likaja. Mwalimu akaweka alama ya vema, akaita mwingine.

"Mkono wako una baridi, mshikaji," akanong'ona aliyelala. Nikauacha hapo kwa pumzi moja zaidi.