Siku Bi Zuhura alipomnunua jogoo wa mama mnadani, akamrudisha

Wakuu, habari za jioni. Hii niliiona kwa macho yangu, siongezi chumvi hata punje.

Miaka ile ya themanini, biashara huria ndiyo kwanza imefunguliwa, nauza mitumba Kariakoo. Mimi na mama tumepanga kwa Bi Zuhura, mama wa Kiislamu, mzaliwa wa mtaa ule ule.

Mama alikuwa na jogoo mmoja. Alipopona malaria iliyomlaza wiki nzima, akasema Jumapili atamtoa kanisani, sadaka ya shukrani.

Bi Zuhura akanuna. Jogoo yule ndiye aliyekuwa akimwamsha. Adhana ya alfajiri ikilia, yeye kashatawadha zamani.

Kwa wasiojua: mayai, ndizi, kuku, vyote vinavyotolewa sadaka hunadiwa nje baada ya ibada. Ukinunua unaweza kurudisha kitu kinadiwe tena, kanisa lipate zaidi.

Jumapili natoka ibadani, namkuta Bi Zuhura uani mwa kanisa na baibui lake. Kaja kumkomboa jogoo! Akapandisha dau mpaka wengine wakanyamaza.

Mzee wa kanisa aliyekuwa ananadi akamuuliza, "Mama, unarudisha?"

"Narudisha, baba."

Kumbe mwenzetu alimaanisha anamrudisha nyumbani!

Vigelegele. Mzee akamnyanyua jogoo, mnada ukaanza upya. Bi Zuhura kabaki mikono mitupu, hajui kimetokea nini. Nikamweleza, nikataka kwenda kumwambia mzee, akanishika mkono.

"Waache. Nimeshatamka kwenye nyumba ya ibada, siwezi kula maneno yangu."

Lakini macho yake hayakubanduka kwa jogoo.

Wakuu, mfukoni nilikuwa na akiba ya redio kaseti niliyoitamani miezi mingi. Roho iliniuma, sidanganyi. Nikapandisha dau, nikashinda.

"Kijana, unarudisha?"

"Hapana. Nampa Bi Zuhura."

Watu walishangilia, mama akapiga kigelegele kuliko wote. Mimi nilicheka njia nzima na sina hata senti ya soda. Furaha ile sijaipata tena kirahisi.

Kesho yake alfajiri dirisha langu likagongwa. Bi Zuhura huyo: "Amka na wewe ukasali. Jogoo wenu wa kanisani kashaniamsha."

Nilichojifunza: kutoa kunanoga zaidi ukimwona anayepokea. Redio nilinunua baadaye, hata rangi yake siikumbuki. Jogoo namkumbuka mpaka kilemba.

Nanyi mmewahi kununua nini mnadani mkampa mtu? Shusheni hapa. Ila ukiulizwa kama unarudisha, uliza kwanza ni wapi.