Mabomba ya Kisima cha Watu

Nakumbuka siku moja jua likiwa utosini, ngamia walilizingira gari la kaka yangu wakasimama kimya, wakingoja liwanyweshe maji. Kaka yangu Abdi, mwanangu. Babu yako, huyo huyo aliyekuachia hiyo pua. Kisomali chako kimechakaa huko Nairobi, basi nitakusimulia kwa Kiswahili changu hiki hiki, na ole wako ucheke.

Nimekumbuka kwa sababu jana ulinionyesha kwenye simu vile vyuma unavyotaka kufunga chini ya milango ya Land Cruiser yako, vya kukinga ubavu gari likipanda mawe ya njia ya Mandera. Sikukataa. Ni vyuma vya maana. Lakini ukaniambia, "Ayeeyo, bibi yangu, mabomba nimeshapata, yalikuwa yamelala tu mahali." Wallahi, usingizi ukaniruka. Ni maneno yale yale aliyoyasema babu yako.

Miaka hiyo alikuwa kijana, hajaoa, mbishi kupindukia. Mimi nilikuwa nakusanya maziwa ya ngamia Hadado, yeye ananibebea. Mawe yalikuwa yamekwisha kuponda sehemu ya chini ya milango, hata mlango wangu ulifungwa kwa kamba. Akaamua kuweka vyuma. Fundi wa Garissa alimwambia kwa upole, "Lete bomba nene, uniachie gari. Bomba nitalishika kwenye chesisi, uti wa mgongo wa gari, kwa mikono ya chuma na boliti." Abdi akasema hana nafasi ya kungoja, achomelee tu hapo hapo kwenye bati, chini ya mlango. Fundi alinung'unika, lakini akachomelea. Gari si lake, angefanya nini?

Na mabomba aliyatoa wapi? Kwenye kisima kikavu nje ya Hadado. Sasa sikiliza, kwa maana wewe umekulia kwenye maji ya mfereji. Kwetu kisima ni cha waliokichimba. Kikauke, kijae mchanga, wenyewe wahamie mpakani, bado ni chao, pamoja na hori lake la kunyweshea mifugo, kamba yake na kila chuma kilichomo. Mtu huomba ruhusa hata ya kuteka ndoo moja. Abdi alilijua hilo tangu akinyonya. Alisema wenyewe wameshasahau.

Siku tuliyorudi Hadado, mabomba yalilia njia nzima. Fundi hakuziba ncha zake, kwa hiyo upepo ulikuwa ukiingia, na mimi sikujali. Lakini tulipokaribia upande wa kile kisima sauti ilibadilika. Ikawa inapanda, inakatika, inapanda tena. Nikaitambua, hooyo mwanangu. Ndivyo wanaume wanavyoimba wakivuta maji, mmoja anaanza na wenzake wanapokea.

"Abdi, unasikia?"

"Upepo, abaayo. Acha uoga."

Hapo hapo gari likapanda jiwe vibaya, tumbo likakaa juu, gurudumu la mbele likaning'inia. Injini ikazimika. Nikaangalia miiba iliyokuwa kando ya njia. Hakuna jani lililotikisika, hakuna hata vumbi. Na wale wanaume bado walikuwa wanaimba chini ya mlango wangu. Nikasoma kila aya niliyoijua, nikaanza upya.

Kisha ngamia wakatoka vichakani. Hawakuwa na mchungaji, hawakuwa na kengele shingoni. Walikuja mpaka wakaligusa gari kwa vifua, wakainamisha vichwa kuelekea yale mabomba. Nikatafuta alama zao. Unajua hakuna ngamia wa kwetu asiye na chapa ya ukoo, shingoni au shavuni au pajani. Hawa ngozi yao ilikuwa safi mwili mzima. Nikapandisha kioo na joto lile lote.

Abdi naye aliogopa. Lakini mtu mbishi akiogopa ndiyo kwanza anaharakisha. Akashuka na jeki ndefu, akaikita chini ya bomba, akapiga, akapiga, gari likainuka likilia. Akalala chali ili aingie akapange mawe chini ya gurudumu. Kichwa kilikuwa ndani na bega moja.

"Kijana, toka."

Alikuwa mzee na fimbo yake, amesimama katikati ya wale ngamia. Sikumwona akija. Baadaye tulijua ni mzee wa Hadado, mmoja wa wana wa aliyekichimba kile kisima, alikuwa akitafuta mbuzi aliyepotea.

"Salaam kwanza, mzee," Abdi akajibu kutoka kule chini, kwa ufidhuli wake.

"Salaam utaikuta huku nje. Toka chini ya chuma cha watu."

Alhamdulillahi, babu yako pamoja na ubishi wake hakuwahi kumbishia mzee akiwa amelala. Akatoka ili asimame amjibu vizuri. Alikuwa hajajipangusa mchanga mgongoni wakati bati lilipochanika. Bomba lilitoka na kipande cha bodi, jeki ikaruka, na gari likashuka kwa kishindo palipokuwa na kichwa chake. Na ile sauti ikakatika.

Nilishuka nikamkumbatia, kisha nikavua kiatu nikampiga nacho huku nalia. Mzee alitungoja tumalize.

"Bati la mlango halibebi gari," akasema. "Hilo hata fundi wako alikuambia, nina hakika. Na haya mabomba, mwanangu, ungeomba tungekupa. Tungekupa na watu wa kukusaidia kuyabeba."

Abdi akainama, akamshika mzee mkono, akamwomba msamaha. Mimi niliuliza wale ngamia ni wa nani. Mzee hakugeuza kichwa. "Usiwahesabu, binti yangu," akasema.

Tuliyang'oa yote, tukayabeba mabegani hadi kisimani, ngamia wakitufuata bila kutoa sauti. Tulipoyaweka chini walitupita, wakapiga magoti kuzunguka lile hori kavu. Mzee akatuambia tuondoke bila kugeuka. Sikugeuka. Mpaka leo sijui walikunywa nini.

Basi nasaha yangu, mwanangu. Chagua bomba nene, lifungwe kwenye chesisi kwa boliti, lisiguse bati, ncha zake zizibwe, na fundi akikuambia ngoja, ngoja. Usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Lakini kabla ya yote hayo, uende ulipoyaokota hayo mabomba, uulize ni ya nani, umpe mkono, uombe. Akikunyima, rudisha na umshukuru. Sikutishi. Bega moja tu, hooyo. Angeingia mpaka kiunoni, baba yako angezaliwa na nani?

Mwenyezi Mungu akufungulie njia zote za Mandera, akupe moyo wa kuuliza na sikio la kusikia ukiambiwa toka. Na akurudishe kwangu mzima, gari lipate mikwaruzo litakavyo. Amin. Haya, inuka, warya, nenda kamtafute mwenye chuma chake.