Dubu wa Ploti Yetu

Nikiwa msichana mdogo pale Isiolo, niliamini kwa moyo wangu wote kwamba Guyo, jirani yetu kwenye ploti ya vyumba vya kupanga, alikuwa dubu. Msicheke. Kenya nzima haina dubu, najua sasa, lakini nani alikuwa wa kutuambia?

Sisi ni watu wa mbuzi. Kuku tulianza kuwafuga baada ya kuhamia mjini, na walipoanza kufa bandani, nyanya alifanya anavyofanya mfugaji yeyote: alitafuta nyayo. Kila kuku alikufa bila jeraha, upanga wake mwekundu wa kichwani umepauka. Nyanya akamwaga majivu mlangoni mwa banda. Asubuhi tukakuta unyayo mpana wa mtu, na mbele ya vidole mikwaruzo ya kucha.

"Huyo ni dubu," kaka yangu akasema. Alikuwa amemwona kwenye kitabu cha shule. "Anasimama kama mtu."

Nyanya akauinamia tena ule unyayo. "Basi ni mtu anayejigeuza," akasema.

Na mtu wa mwili ule alikuwa mmoja tu: Guyo, mlinzi wa usiku wa malori yaendayo Merti, kifua nywele tupu, aliyerudi kila alfajiri akipita kando ya banda kwenda chooni. Kwamba kuku wenyewe huchakura majivu, halikumjia mtu akilini. Alipotutolea salaam aleikum, nyanya aligeuza uso. Nilikatazwa kucheza na Halima, binti yake, rafiki yangu wa pekee, na iliniuma sana. Majirani nao wakaanza kumsihi mwenye ploti awafukuze.

Siku moja nikatumwa mayai. Mkono ulitoka bandani ukiniwasha, umejaa vidudu vyekundu, vidogo kuliko chembe ya chumvi. Utitiri. Nilimkimbilia nyanya kwa furaha, maana nilijua Halima hatafukuzwa tena. Dubu angeua kwa kofi moja na damu ingetapakaa kote. Hawa waliinywa kidogo kidogo usiku, kisha wakarudi kwenye nyufa za mbao.

Nyanya alimponda mmoja kwa ukucha. Damu ikatoka. Akageuka kuutazama mlango wa Guyo.

"Kumbe," akasema. "Anawatuma hawa."

Guyo na familia yake waliondoka kwa lori mwezi uo huo. Nyanya hakuwa mjinga wala mtu mbaya, na nilimpenda mpaka alipofariki. Lakini mimi nilidhani nimemletea mdudu wa kuchukua nafasi ya dubu, kumbe nilimwongezea dubu watumishi.