Shemeji na Alama za Kuanguka

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, ni fundi wa makochi. Ukilikalia kochi lake leo, wajukuu zako nao watakuja kulikalia, na nasema hivyo bila upendeleo wowote, maana bwana huyu hajawahi kunipa hata kigoda. Mimi niliishia darasa la saba, tena mwalimu alinipitisha ili asinione tena mwaka uliofuata. Lakini haya niliyaona kwa macho yangu yote mawili, kwa hiyo mtu asije akanisahihisha.

Karakana yake ni chumba kirefu kilicho mbele ya nyumba. Ukiingia unakutana na fremu za mbao zimesimama kama mifupa ya ng'ombe, sponji zimepangwa hadi darini, na harufu ya gundi inayokufanya utabasamu bila sababu. Kwenye kona, juu ya kabati lisilo na mlango, kuna televisheni. Jumamosi ikifika saa tisa alasiri, nyundo inawekwa chini, mkasi unatundikwa, na shemeji anajitupa kwenye kochi la mteja, lolote lililokamilika siku hiyo.

"Nalijaribu," husema.

Na mieleka inaanza.

Watu wengi hutazama mieleka wapate kujua nani kashinda. Shemeji hilo halimhusu ndewe wala sikio. Ana daftari lake la vipimo. Kurasa za mbele zina urefu na upana wa viti vya watu. Kurasa za nyuma zina wanamieleka, kila mmoja na alama zake juu ya kumi. Siku moja jirani yetu kinyozi alikuja kumzindua. "Fundi, unapoteza wino. Yale mambo yamepangwa."

Shemeji hakukasirika. Alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mteja aliyechagua kitambaa cheupe na ana watoto watano.

"Ushindi unapangwa ofisini," alisema. "Sawa. Sasa niambie, ni ofisi gani itaanguka badala yako?"

Kinyozi akarudi kwa vichwa vyake.

Ngoja niwaeleze sheria zake, nimezisikia mpaka naziota. Kwanza, misuli haina alama. "Msuli ni kitambaa tu," husema, "mimi naulizia fremu." Pili, kuanguka. Anayetanguliza kiwiko au tako ni mwongo, na kesho atalala hospitali. Anayejua hukunja kidevu, akatua mgongo mzima kwa mpigo mmoja, viganja vikapiga sakafu. Shemeji anaweza kugeukia ukuta, akausikia mshindo, akakwambia huyo ana sita au ana nane. Tatu, maumivu yawe na kumbukumbu: mguu uliovunjwa dakika ya tatu usikimbie dakika ya kumi. Na ya mwisho, ambayo ndiyo mama wa zote: mwanamieleka bora ni yule anayemfanya mwenzake aonekane simba, kisha akamrudisha kwa mkewe akiwa na shingo yake.

Kwa hiyo bingwa mwenye mkanda wa dhahabu kiunoni anaweza kutoka kwenye daftari lile na tatu, na bwana mdogo asiyejulikana, aliyelazwa chini ndani ya dakika nne, akatoka na tisa.

"Mshindi kaondoka na mkanda," shemeji hutangaza, "huyu kaondoka na tisa yangu."

"Na hiyo tisa anaipeleka wapi?" dada yangu huuliza kutoka mlangoni. Dada kwake mieleka ni wanaume wanaokumbatiana kwa hasira, basi.

Miaka ikaenda hivyo, kwa raha, mpaka mpwa wangu, binti yao wa kwanza, alipoitia nyumba moto. Yeye ndiye anayeshona foronya za mito palepale karakanani, na mdomo wake una ncha kuliko sindano ya cherehani yake. Jioni moja, bila kuinua macho, akasema, "Baba, kuna mtu anataka kuja kukuona. Kwa ajili yangu."

Shemeji akatema misumari miwili aliyokuwa ameishika mdomoni. "Anafanya kazi gani?"

"Katikati ya wiki yuko ghala la saruji. Jumamosi anacheza mieleka pale ukumbini."

Jamani, uso wa yule mzee uling'aa kama taa iliyofutwa vumbi. "Mieleka! Mkwe mwanamieleka! Jina lake la ulingoni nani?"

"Radi."

Taa ikazima.

Mtaa mzima ulimjua Radi. Kikundi cha pale ukumbini kilicheza kila Jumamosi, na kwa miaka miwili Radi hakuwa ameshinda hata kwa bahati mbaya. Watu walimwita Radi Isiyopiga. Shemeji hakuwa amewahi kwenda kumwona, kwa sababu saa ile ndiyo saa yake ya televisheni. Lakini sifa zilimfikia.

"Yule anayepigwa kila wiki?"

"Hapigwi, baba. Anashindwa."

"Mwanangu haolewi na mtu ambaye mtaa mzima umeshaona nyayo zake!"

Mimi nilikuwa nimekaa juu ya rundo la sponji. Nilicheka mpaka nikateleza. "Shemeji! Na zile tisa zako je? Si ndio haohao wanaolala chini?"

"Wale ni wa kwenye televisheni," akanguruma. "Huyu atakaa mezani kwangu. Watu wakiniuliza mkweo anafanya nini, niseme nini? Analala?"

Cherehani ikanyamaza. Mpwa wangu akageuka na kiti chake. "Baba, umewahukumu watu wa nchi ambazo hata majina yake huwezi kuyatamka. Mhukumu na huyu mmoja aliye hatua mia tano kutoka hapa. Yaani, kama sheria zako ni za kweli. Kama ni za kumtania kinyozi tu, sema."

Ng'ombe akashikwa pembe. Shemeji alitafuna penseli mpaka nikaonja mbao mimi. "Jumamosi nitakwenda," akasema hatimaye. "Akipata saba kwenda juu, aje tuzungumze. Chini ya saba, nisione hata kivuli chake mlangoni hapa."

Sasa hapa ndipo nilipoingia mimi, na naomba msomaji anisikilize vizuri kabla hajafungua mdomo. Nampenda mpwa wangu. Nikaona jambo zito kama hili haliwezi kuachiwa vijana. Kesho yake nikaenda ghalani, nikamkuta kijana kabeba mfuko wa saruji begani, vumbi mpaka kwenye kope.

"Shikamoo, mjomba."

Mjomba! Hata kabla hajaoa. Nikampenda palepale.

"Marahaba. Sikiliza, Jumamosi baba wa mchumba wako anakuja kukutazama. Siku hiyo ushinde."

"Lakini mjomba, imepangwa nilale. Nguzo ndiye anashinda. Siku zote Nguzo ndiye anashinda."

"Nguzo anaoa?"

"Hapana. Ana wajukuu."

"Basi aoaye ni nani? Mwanaume yeyote akimtazama mkwe wake kashinda, moyo unalainika. Mimi namjua shemeji kuliko anavyojijua."

Kijana akakuna kichwa, saruji ikamdondoka. Nikaondoka nikijiona mshauri wa wafalme.

Jumamosi tukakaa mstari wa mbele, kwenye viti vya plastiki: shemeji, binti yake na mimi katikati. Kabla ya lolote shemeji alinyanyuka, akaenda kuibonyeza sakafu ya ulingo kwa kidole gumba, kama anavyobonyeza mito ya wateja. Akarudi akitikisa kichwa. "Sponji ya inchi moja juu ya mbao tupu. Hawa ni wauaji."

Nguzo aliingia, ukumbi ukalipuka. Mtu mzima, tumbo limemtangulia, goti la kushoto limefungwa bandeji, na watu wanampenda kama baba yao. Kisha akaja Radi na suruali ya kubana ya njano, akazomewa mpaka na muuza maji.

Dakika tano za kwanza, wallahi, zilikuwa tamu. Nguzo alimrusha huku, Radi akaruka kama karatasi. Akasukumwa kule, akaonekana kagongwa na lori. Shemeji alikuwa anaandika mbiombio. "Umeona kidevu? Kakikunja! Na ule mkono wa kulia uliumizwa mwanzoni, tazama, hadi sasa hautumii. Huyu kasoma." Nikachungulia daftari: nane. Mpwa wangu akanifinya kwa furaha.

Kisha Nguzo akamnyanyua, akambwaga, akamlalia. Mwamuzi akapiga sakafu: moja, mbili...

Radi akainua bega.

Ukumbi ukashtuka. Penseli ya shemeji ikasimama. "Mbona kanyanyuka? Pale ndipo palikuwa pake."

Mimi nikatazama dari.

Nguzo akambwaga tena. Moja, mbili, bega juu. Nikamwona Nguzo anamnong'oneza bila kusogeza midomo. Mwamuzi naye, kifudifudi, ananong'ona. Radi anatikisa kichwa. Mara ya tatu ni Radi aliyempanda Nguzo juu, anataka kumkandamiza, na mzee wa watu anahema kama mvukuto, goti linatetemeka.

"Anamwacha mwenzake peke yake!" shemeji alifoka. "Anamwaibisha mtu mzima mbele ya watu wake! Saba. Sita. Nne! Nne hiyo!" Penseli ilikuwa inachana karatasi. Mwishowe akashindwa kuvumilia, akasimama juu ya kiti, akanyoosha kidole sakafuni. "Lala! Lala, wewe! Lala!"

Ukumbi ukadhani ni wimbo mpya. "La-la! La-la! La-la!" Mia mbili nzima, na viganja juu.

Radi akageuka, akamwona baba wa mchumba wake juu ya kiti, kakasirika mishipa nje. Akamwona mchumba wake kashika kichwa. Akanitafuta mimi. Nilikuwa nimeinama nafunga kamba za viatu, ingawa siku hiyo nilivaa ndala.

Akashusha mikono, akajiachia. Nguzo, ambaye heshima yake ilishaanza kuchanika, akamnyanyua mabegani kwa nguvu zake zote za mwisho, na goti likamkataa. Ukumbi haukuona. Shemeji aliona, najua kwa sababu alinishika paja na alama bado ninayo. Walikuwa wanakwenda chini wote wawili, mzee akitangulia kisogo kwenye ile inchi moja ya sponji. Radi, akiwa bado hewani, alikizungushia mkono kisogo cha Nguzo, akajipindua, akapita chini yake yeye. Mshindo ukatoka kama kabati limetupwa kutoka ghorofani. Nguzo akatua juu ya kijana kama mtu aliyerudi kwenye kochi lake baada ya kazi.

Moja, mbili, tatu. Ukumbi ulishangilia kwa kudhani Nguzo kabuni pigo jipya.

Shemeji aliketi taratibu. Akaandika, akapiga mstari, akafunga daftari. Binti yake akalinyakua, akalifungua.

"Sita? Baba, sita?"

"Mwisho ule ulikuwa kumi. Lakini katikati aliharibu. Siwezi kushonea velveti juu ya fremu iliyooza nikasema kochi zima. Sita."

Mpwa wangu hakulia. Alikaza macho mbele kama anayetunga uzi kwenye sindano, na mimi nikatamani sakafu ile ya ulingo inipokee.

Njia ya kutokea inapita ubavuni mwa chumba cha kubadilishia nguo. Mlango ulikuwa wazi. Nguzo amekaa kwenye benchi, na Radi, mgongo mwekundu kama kitambaa cha kochi la harusi, amepiga magoti anamfunga bandeji upya. Alipotuona akasimama upesi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani alikuambia usilale?"

Kijana akanitazama. Alinitazama muda wa kutosha mimi kukumbuka dhambi zangu tangu utotoni. Kisha akainamisha kichwa. "Hakuna mtu, mzee. Ni ujinga wangu mwenyewe."

Shemeji akageuka, akanishushia macho toka utosini hadi miguuni. Tumejuana miaka ishirini na sita.

"Ujinga wako," akamwambia kijana, "umevaa ndala."

Nilikohoa.

Shemeji akaitazama ile bandeji iliyofungwa nusu, na pini ambayo kijana bado aliifumbata kiganjani ili isimchome mzee. Halafu akamgeukia binti yake. "Nyinyi wawili mkibishana, nani anashinda?"

"Mimi."

"Kila mara?"

"Kila mara, baba. Ana hoja dhaifu huyu, namgaragaza vibaya mno, mpaka..." Akasita. Akakunja uso kama mtu aliyejumlisha mara mbili akapata majibu tofauti. Akamgeukia Radi polepole. "Hebu subiri."

Kijana akaanza kuvichunguza vidole vyake vya miguu.

Shemeji akacheka. Kwanza puani, kisha tumboni, kisha akaushika mlango. Nguzo naye akacheka mpaka akalalamikia goti. Shemeji alipopata pumzi akafuta macho. "Sita inabaki palepale. Ni ya Radi, na Radi akija kwangu namfukuza. Lakini huyu anayefunga goti la mwenzake bado sijampa alama. Huyo aje Jumapili, aje na wazee wake." Kisha akaniangalia. "Wewe usije."

Nilikwenda, bila shaka. Ndoa niliyoifunga mimi mwenyewe, nikae nyumbani?

Lakini pale mlangoni mpwa wangu hakusikia habari za Jumapili wala za wazee. Alikuwa amemsogelea kijana, mikono kiunoni. "Nijibu. Mabishano yote yale nilishinda kweli, au hukutaka tu kushinda?"

"Ulishinda," Radi akasema, kwa uso wa uchungu wa mtu aliyeshindwa kabisa, uso mzuri kiasi kwamba hata mimi, nisiyedanganyika, nilimwamini.