Ndege Mbili Futi Elfu Tisa

Kazi yangu ilikuwa kuandika, si kusema. Miaka hiyo ya Hali ya Hatari iliyotangazwa na mkoloni, uwanja wa ndege karibu na Embu ulikuwa nyasi zilizofyekwa na kibanda cha mabati chenye redio. Mzungu mmoja aliongea na marubani. Mimi, kwa sababu nilikuwa na Kiingereza cha sekondari, niliandika ubaoni: ndege gani, saa ngapi, iko futi ngapi. Sheria ni rahisi. Ndege mbili zikiwa ndani ya wingu, moja lazima ipite futi elfu moja juu ya nyingine. Rubani akipewa futi zake anazirudia neno kwa neno, ndipo anaaminiwa.

Ndege zenyewe zilikuwa zikitoka kutupa mabomu msituni, juu ya Kibugu. Kaka yangu alikuwa msituni huko na wapigania uhuru. Kibandani hakuna aliyejua. Mama yangu alijua, na ndiye aliyebaki na mtoto wangu wa miezi mitano ndani ya kile kijiji ambacho wakoloni walituzungushia handaki, nami nikienda kazini maziwa yakinivuja.

Askari wa lango la kijiji alipenda kunichokoza. "Mke wa ndege! Mwambie bwanako leo asitumwagie moto."

"Fungua lango, wewe. Ukiogopa moto, rudi kwa mama yako."

Asubuhi moja wingu lilishuka likafunika kila kitu. Ndege ya kwanza ilikuwa futi elfu tisa, nimeiandika kwa mkono wangu. Ya pili ikaita. Mzungu, akiwa anawasha kiko, akaipa elfu tisa pia. Rubani akarudia vizuri kabisa, nikaandika ubaoni, na Mzungu akaridhika.

Nitasema ukweli: nilinyamaza. Nilijiambia, wacha wagongane, kaka apumue hata siku moja. Kisha yule rubani wa kwanza akakohoa redioni, kikohozi cha mtu aliyeamka na mafua. Mdomo wangu ukafunguka.

"Bwana, zote mbili ziko elfu tisa."

"Wewe andika tu, hapana sema."

"Angalia ubao!" Nilimpigia kelele.

Akaangalia. Damu ikamwisha usoni. Akanyakua maikrofoni, akaipandisha ya pili hadi elfu kumi. Zikatua zote salama. Asante sikupewa. "Futa hiyo elfu tisa ya pili," akasema. Nikafuta.

Jioni nilimweleza mama. Alisikiliza akiwa amembeba mtoto mgongoni.

"Kwa hivyo kesho wataenda tena?"

"Wataenda, mama."

Akamfungua mtoto, akanikabidhi, akaenda kukoka moto.

Wapo wanaoniambia nilifanya vyema, ati uhai ni uhai. Wanyamaze. Hawakuwa na mimi kesho yake asubuhi, ndege zote mbili zilipopaa kuelekea Kibugu nami nikaziandika, moja elfu tisa, nyingine elfu kumi.